Pedi Niliyomshonea Baba Mkwe

Aliyebuni pedi ya gemu hakuwahi kushika jembe maishani mwake, hilo naapa mbele ya yeyote. Nazungumzia kile kidude cha kushika mikononi unapocheza gemu kwenye televisheni. Kichukue ukitazame. Kina masikio mawili ya kukumbatia, vijiti viwili vya kusukuma kwa magumba, vitufe vinne upande wa kulia, na vingine vimefichwa kwa nyuma ambavyo vidole vinatakiwa vivitafute vyenyewe bila msaada wa macho. Unaona kabisa kilipimwa kwenye mkono wa nani: mkono laini, vidole vyembamba, gumba linalopinda huku na huku utadhani halina mfupa. Sasa kampe baba mkwe wangu, mzee wa Ibaba aliyelima viazi na mahindi mlimani tangu ujana wake, gumba limekomaa kama kisigino, halafu kiharusi kimempiga upande wa kulia. Jamani! Kilimteleza, kikadondoka, kikaokotwa, kikamteleza tena, na mimi niko chumba cha pili nasikia kinavyogonga sakafu na siruhusiwi kwenda kukiokota.

Hapo kwenye kutoruhusiwa inabidi nieleze. Mimi kwetu ni Isansa. Kwetu kwenye kahawa, baba yangu anataniana na wake za kaka zangu, anawatuma chumvi, anawasalimu kwa mkono. Nikaolewa Ileje, iliko hiyo Ibaba, nikakuta mambo mengine. Kwa watu wao wa zamani, mwanamke na baba wa mumewe hawatazamani usoni. Hawakai chumba kimoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawasemeshani. Ukimwona anakuja njia hii unachepuka. Una neno la kumwambia, unampa mtu alipeleke. Si ugomvi, ni heshima, tena heshima kubwa. Wengi siku hizi wameshaacha, wanakaa kanisani mabenchi ya jirani na hakuna aliyekufa. Baba mkwe wangu hakuacha. Miaka yote ya ndoa yangu nilimjua kwa kikohozi chake na kwa mgongo wa koti lake.

Alipopigwa na kiharusi, mume wangu alimleta kwetu Tunduma ili awe karibu na hospitali. Wifi yangu, dada wa mume wangu ambaye ni mjane, akaja naye kumhudumia. Mume wangu ni dereva wa malori, leo Ndola, kesho Lubumbashi, na foleni ya mpakani peke yake ikiamua inammeza wiki nzima. Watoto wetu wako shule za bweni. Kwa hiyo nyumbani tukabaki watatu: mzee sebuleni, mimi chumba cha pili kwenye cherehani yangu ninakoshonea sare za shule na za kwaya, na wifi katikati akipeleka maneno.

"Baba anasema chai leo imekolea."

"Mwambie asante."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Dada wa mazoezi ya viungo kule hospitalini alitupa sharti moja. Vidole vya mkono wa kulia vifanyishwe kazi kila siku, tena sasa, miezi hii ya mwanzo. Tukizembea vitajikunja viwe ngumi, na vikishazoea ngumi hakuna wa kuvikunjua. Akampa mzee mpira mdogo wa kufinya. Mzee akautazama, akamwambia wifi autunze, wajukuu wakifunga shule watauchezea. Yeye alitaka kitu kimoja tu, arudi Ibaba akashike jembe lake, na kila jioni alimuuliza wifi kama viazi vya shamba la juu vimepaliliwa. Mkono ukifunguka, ataondoka. Usipofunguka, jembe basi.

Habari ya gemu aliileta mume wangu. Alikuwa na mashine yake ya kuchezea mpira, aliinunua kuukuu ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Mzee na mpira wa miguu usimwambie kitu. Redio imelala sikioni mwake miaka yote. Alipoambiwa kwamba wale watu wanaokimbia kwenye kioo ni yeye ndiye anayewakimbiza, wifi anasema alikaa wima kwa mara ya kwanza tangu aje. Wakacheza baba na mwana, kelele mpaka kwangu. Halafu safari ikaitwa, mume wangu akaondoka. Mzee akaambiwa basi acheze na mashine yenyewe. Akakataa katakata.

"Mashine? Nikiifunga itaona aibu wapi?"

Mume wangu mawazo yake mazuri humjia akiwa amelala chini ya lori. Akapiga simu. Akasema mke wangu si unaijua gemu, tulikuwa tunacheza wote mvua ikitufungia ndani. Ile televisheni ndogo ya zamani iwekwe kwenye chumba cha cherehani, fundi aje achomeke waya wa kugawa picha, pedi zenyewe hazina waya. Mzee atacheza kwake, wewe utacheza kwako, ukuta katikati, hakuna atakayemwona mwenzake. Wifi akapeleka hoja sebuleni. Kisha nikamsikia mzee akiuliza, "Huko kwenye kioo, yeye atakuwamo?"

"Hapana, baba. Watakuwamo wachezaji."

"Basi hao si wakwe zangu."

Nilicheka nikajiziba mdomo kwa kitambaa cha sare ya watu.

Lakini mchezo wenyewe ulikuwa mateso. Mchezaji wake anaanza kukimbia vizuri, mara anasimama katikati ya uwanja kama aliyesahau alichofuata. Nasikia pu! ukutani kule. Pedi imeanguka. Mimi nina mpira, goli liko wazi, na mpinzani wangu anahangaika chini ya kochi na mkono mmoja. Utafunga? Mimi sikufunga. Nilizungukazunguka na mpira nikimsubiri, roho inaniuma. Wifi akiwepo alimwokotea, lakini wifi naye alikuwa na sokoni, na kisimani, na nguo za kufua. Tukibaki wawili ilibidi nikae tu nisikilize mzee wa watu anavyohema. Siku moja niliinuka nikaenda mpaka kwenye pazia la sebuleni, nikalishika. Wifi alikuwa anaingia na ndoo, akaniona.

"Wifi, usithubutu," akaninong'oneza. "Umwone baba alivyo vile? Hatakula tena chakula cha nyumba hii."

Nikaachia pazia. Nikampigia mume wangu, yeye akasema ingia tu, mambo ya kizamani hayo. Rahisi kusema hivyo ukiwa Kongo.

Basi nikasema kama siwezi kuokota, nitashona. Nitaifanya pedi ikae yenyewe, isidondoke, imfuate mkono wake badala ya yeye kuifuata. Kazi yangu si ndiyo hiyo? Tatizo likawa vipimo. Mimi nimepima vifua vya wanakwaya wasiotulia, nimepima bibi harusi anayelia, nimepima wateja kutoka Zambia huku tunabishana kwa Kiingereza cha kubabaisha na salamu zao za "mulishani" mbili tatu. Mkono wa mzee mmoja, upande wa pili wa ukuta, ukanishinda. Nikampa wifi futi. Mzee akauliza vipimo ni vya nini, akaambiwa ni vya mkwe wako, akaufutika mkono chini ya blanketi na mazungumzo yakaishia hapo.

Kilichoniokoa, au nilichodhani kimeniokoa, kilikuwa ugali. Mzee alikula peke yake. Wifi alimwekea chakula, akamnawisha, akatoka, kwa sababu hakutaka hata binti yake amwone anavyomwaga mchuzi. Mchana mmoja sahani ikarudi jikoni na tonge moja ambalo halikuliwa. Limefinywa kwa nguvu, vidole vyote vimeacha mashimo, na gumba limezama upande wake. Mwe! Nililiinua kama nimeokota dhahabu. Dada wa mazoezi alikuwa amesema, akiukataa mpira, afinye hata tonge. Kumbe anafinya! Mkono unafanya kazi na yeye hasemi! Nikaliweka tonge dirishani likauke, nikaenda kutafuta vifaa.

Nikachukua kandambili kuukuu, mpira wake mnene, nikazichonga kwa kisu na wembe nikifuata yale mashimo: hapa kidole cha shahada, hapa cha kati, hapa gumba linatua kwenye kijiti. Nikazungushia sponji ya godoro. Nikavalisha kitambaa cha suruali za shule, ambacho hakitelezi. Nikashona mkanda wa kufunga pajani, na pedi nikaibana katikati kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Mzee hatabeba kitu. Ataweka mkono juu tu, kama mtu anayeweka mkono kwenye kichwa cha mjukuu, na vidole vitajikuta vimefika. Mume wangu akanielekeza kwa simu namna ya kubadili mipangilio ili kijiti kimoja na kitufe kimoja vitoshe. Sare za wateja zilichelewa. Nikawaambia cherehani imeharibika.

Wifi akapeleka. Nikakaa mbele ya televisheni yangu nikiomba Mungu. Mchezaji wake akasogea hatua mbili. Akasimama. Akakaa hivyo muda, mpaka nikaanza kukata tamaa. Kisha akaanza kukimbia, akakimbia uwanja mzima, akampita beki wangu, na mimi nimeduwaa, akapiga. Goli! Na upande wa pili wa ukuta nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia tangu niolewe. Mzee anacheka.

Tangu hapo ikawa kila mchana, wifi akishatoka. Mzee alikuwa na mchezo wa kuudhi, anarudisha mpira nyuma, anarudisha tena, kama anayeswaga mbuzi waliochoka, halafu ghafla anapiga mbele na mimi nimeshalala. Nikawa napiga kelele. Simsemeshi yeye, nasemesha cherehani: "Aka! Kuna watu wana hila, jamani!" Na kule nasikia mtu anaisemesha redio yake: "Siku hizi watu hawajui kukaba. Wanajua kupika tu." Nikawa nacheka mpaka sindano inanichoma. Hatukuwa tumevunja chochote. Kila mmoja alikuwa anaongea peke yake nyumbani mwake. Na alivyozidi kunifunga nilizidi kufurahi, maana kila goli kwangu lilikuwa kidole kimoja kimefunguka. Nilimwambia mume wangu baba yako anapona, na mikono yangu inahusika. Nilijisifu. Kwa nini nisijisifu?

Yule dada wa mazoezi alikwenda likizo ya uzazi, tukaambiwa tuendelee nyumbani mpaka apatikane mwingine. Sikuwa na wasiwasi. Mwingine alipofika, nikaifunga pedi na kile kiti chake nilichokishona ndani ya kitenge, nikampa wifi aende nayo kliniki pamoja na mzee. Nilitaka waione. Nilitaka hata waniulize nimeishonaje.

Wifi alipiga simu kabla sijamaliza kupinda sketi moja. Sauti yake haikuwa yake. "Wifi, vidole vya baba vimeshajikunja. Mtaalamu amejaribu kuvifungua, baba amelia. Anasema tumechelewa."

Nikamwambia haiwezekani, mtu anafunga magoli kila siku. Akaniambia yule mtaalamu ameigeuza kazi yangu huku na huku, ameweka mkono wake juu yake, akauliza kwa nini wametengeneza ya mkono wa kushoto.

Tonge halina juu wala chini. Ukiligeuza, kidole cha shahada kinakuwa cha mwisho, na mkono wa kulia unakuwa wa kushoto. Mzee alikuwa anakula kwa kushoto. Aliona aibu, ndiyo sababu ya kula peke yake. Na mimi, mtoto niliyelelewa kwa kuchapwa kofi nikigusa ugali kwa mkono wa kushoto, ningewazaje kitu kama hicho? Tonge ni la mkono wa kulia, hivyo tu. Nilikuwa nimempimia mkono mzima, nikaushonea kiti, na ule mgonjwa nikauacha ulale kwenye blanketi ujifunge mpaka mwisho.

Wifi aliporudi nilimrukia. Nilimwambia wewe ndiye uliyekuwa unamfunga ule mkanda pajani, ulikuwa unaona, ukanyamaza, una roho gani? Aliningoja niishiwe matusi. Kisha akakaa juu ya vitambaa vyangu.

"Siku ya kwanza aliweka wa kulia," akasema. "Gumba likaning'inia hewani. Akaweka wa kushoto, ukaingia wote. Nikasema baba, nimrudishie arekebishe. Akasema, akirekebisha atajua nakula kwa kushoto. Baadaye nikamwambia baba, mkono unajikunja. Akasema unauma, na hata usipouma, mkwe akijua ataacha kucheza, ataanza kunisimamia mazoezi. Akasema niache. Nina mtu wa kucheza naye."

Ningempa nani hasira zangu? Yeye? Simsemeshi. Mila? Mila haina mlango wa kubisha. Nilimlaani aliyebuni pedi, ambaye alikuwa na mikono ya kila namna ya kupima na akachagua wa kwake. Halafu nikaona hata yeye hana kosa, hajui Ibaba iko wapi. Wiki ile nikashona nyingine, ya kulia, kwa vipimo vya uzi ambao wifi alimzungushia mzee kiganjani akiwa usingizini. Ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Wifi akaenda kuiweka, akarudi nayo. Ngumi haikai kwenye mashimo ya vidole.

Na mimi nikaacha kucheza. Ndiyo, nilifanya kile kile alichokiogopa. Nilipojaribu, niliona mchezaji wake anavyokimbia, nikajua ni mkono gani, nikazima kioo changu. Mzee hakuzima chake. Kila mchana nilisikia ule muziki wa mwanzo wa gemu, unaopigwa wakati mchezaji wa pili anasubiriwa. Unaisha, unaanza tena. Nikawa nakanyaga cherehani kwa nguvu nisiusikie. Yeye hakuweza kuniita na mimi sikuweza kumwambia baba, si kwamba nimekasirika, ni kwamba nikiishika ile pedi naona nakufunga vidole mwenyewe. Maneno hayo nilijaribu kumpa wifi. Akasema marefu, atayapoteza njiani.

Mume wangu alipofika kutoka safari, mzee akamwambia anataka kwenda kwake. Hakutaja jembe.

Asubuhi ya kuondoka nilifanya inavyotakiwa. Njia ya kutokea inapita mlango wa jikoni, kwa hiyo niliingia jikoni, nikajifunika kitenge kichwani, nikageukia ukuta. Mume wangu alikuwa nje anapakia mizigo kwenye gari. Nikasikia mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburuzwa. Vikafika mlangoni, vikasimama. Nikasikia pumzi zake nyuma yangu, karibu kuliko siku zote. Wifi akasema twende baba. Hakwenda.

"Mwambie mwenye nyumba," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "tangu mama yenu afariki, sijacheka kama nilivyocheka humu ndani."

Jibu nilikuwa nalo. Lilinijaa mdomoni mpaka taya zikauma. Lakini jibu langu hupita kwa wifi, na wifi ndiye aliyekuwa amemshika mkono, wanatoka. Nilisikia mlango wa gari ukifungwa na mimi bado nimeutazama ukuta.

Jioni nikampigia. Wamefika, barabara ya mlimani ilikuwa na utelezi ila wamefika. "Baba yupo hapa, nimekaa naye," wifi akasema. "Nimwambie nini?"

Nilikuwa nimepanga. Nilikuwa nimeyafanya mafupi ili asiyapoteze. Nilifungua mdomo nikalia, na wifi kule akaendelea kuuliza, nimwambie nini, wifi, nimwambie nini, mpaka vocha ikaisha.